Galaksi Iliyokosa Giza

Galaksi haipimwi kwa mizani. Uzito wake husomwa katika mwendo wa vilivyomo. Vera Rubin alipopima mzunguko wa galaksi ya Andromeda, matokeo aliyoyachapisha mwaka 1970 yalionyesha kuwa kingo zake zinakwenda mbio kuliko maada inayoonekana inavyoweza kuzizuia zisitawanyike. Wengi wakasema kuna maada ya giza, isiyotoa nuru. Mwaka 1983 Mordehai Milgrom wa Israeli akaja na jibu jingine: hakuna kilichofichika, ila kanuni ya Newton hubadilika pale mvutano unapokuwa dhaifu mno. Galaksi za kawaida hazikati shauri hili, kwa sababu pande zote mbili zinazieleza vizuri.

Zilizo hafifu ndizo zinazotoa ushahidi mpya. NGC 1052-DF2 inakaribia upana wa galaksi yetu, lakini nyota zake hazifiki hata moja kwa mia ya zetu. Galaksi nyingine zinaonekana kupitia humo kama kupitia chandarua. Mwaka 2018 Pieter van Dokkum na wenzake walipima vishada kumi vya nyota ndani yake, na kasi zake zilipishana kidogo sana, kilomita kumi hivi kwa sekunde au pungufu. Mvutano wa nyota zinazoonekana unatosha kueleza hayo, bila maada ya giza. Ajabu ni kwamba upungufu huu unaitetea maada ya giza: kitu kinaweza kuwepo hapa na kukosekana pale, lakini kanuni ya maumbile haichagui galaksi.

Wapinzani walisema galaksi hiyo iko karibu zaidi, kwa hiyo nyota zake ni chache kuliko zilivyokadiriwa. Darubini ya Hubble ilijibu mwaka 2021: umbali ni miaka ya nuru milioni 72 hivi. Hoja nzito zaidi ni ya wafuasi wa Milgrom, kwamba mvutano wa galaksi kubwa jirani hupunguza athari wanayoitabiri. Hiyo haijavunjwa, maana tofauti kati ya utabiri wao na vipimo bado ni ndogo.

Mwaka 2022 van Dokkum na wenzake walipendekeza kwamba galaksi mbili ziligongana, gesi ikakwama katikati, maada ya giza ikapita moja kwa moja, na gesi iliyobaki ikazaa mstari wa galaksi hafifu, DF2 ikiwa mojawapo. Ikiwa ndivyo, ndugu zake kwenye mstari huo nao wanapaswa kukosa giza, na hilo linapimika.