Kundi la OG: Historia ya Timu ya Ulaya katika Mchezo wa Dota

Miongoni mwa mambo mapya yaliyozuka duniani katika miaka ya karibu ni mashindano ya michezo ya kompyuta, yachezwayo na vijana walipwao mshahara, mbele ya watazamaji maelfu kwa maelfu. Wako wayaonao mashindano hayo kuwa upuuzi mtupu, na wako wayaonao kuwa ufundi kama ufundi mwingine wowote. Ubishi huo hauwezi kukatwa kwa maneno ya jumla. Yafaa litazamwe kundi moja, jinsi lilivyoanza, lilivyovunjika, na lilivyosimama tena. Kundi lenyewe ni OG la Ulaya, ambalo mwaka 2018 na mwaka 2019 lilitwaa ubingwa mkuu wa mchezo wa Dota 2 mara mbili mfululizo, jambo ambalo hapo kabla halikuwa limefanywa na kundi lolote.

Mchezo wenyewe

Asili ya Dota ni mageuzi yaliyofanywa mwaka 2003 na wapenzi wa mchezo mwingine uitwao Warcraft III. Baadaye kampuni ya Valve ya Marekani iliutengeneza upya, ukatolewa rasmi mwaka 2013 kwa jina la Dota 2. Huchezwa na makundi mawili, kila moja lina watu watano, na kila mchezaji humwongoza shujaa mmoja aliyechaguliwa miongoni mwa mashujaa zaidi ya mia. Uwanja una ngome mbili zinazokabiliana kutoka pembe hata pembe, na njia tatu zinaziunganisha. Kundi litakalobomoa jengo kuu la ngome ya wenzao ndilo mshindi.

Kuchagua mashujaa kwenyewe ni vita. Kwa zamu, kila upande huwakataza adui baadhi ya mashujaa na kujitwalia wengine, na aghalabu mchezo huanza kuelemea upande mmoja kabla hata jeshi halijatoka ngomeni. Tena uwanjani mna dhahabu, ipatikanayo hasa kwa kuwaua askari wadogo wa adui wapitao njiani. Dhahabu hiyo hununua silaha, lakini haiwatoshi watu watano. Ndiyo sababu wachezaji hupangwa kwa nafasi, tangu ya kwanza hata ya tano. Wa kwanza huachiwa fungu kubwa la mali ili mchezo ukaribiapo mwisho awe na nguvu za kuumaliza. Wa tano hupata kidogo kuliko wote, na hicho kidogo hukitumia kuwalinda wenzake na kuwaonyesha adui alikojificha. Msomaji na alishike jambo hili, maana habari yote ya OG imesimama juu yake.

Shindano kubwa kupita yote katika mchezo huu ni The International, lililoanza mwaka 2011 katika mji wa Cologne, Ujerumani, ambako ubingwa ulichukuliwa na Natus Vincere ya Ukraine. Mwanzoni tuzo zote zilikuwa dola milioni 1.6. Tangu mwaka 2013 robo ya mapato ya baadhi ya vitu vilivyouzwa ndani ya mchezo ilianza kuongezwa katika tuzo. Hivyo katika miaka hiyo sehemu kubwa ya fedha za mabingwa ilitoka kwa watazamaji wenyewe, mmoja mmoja, kama vile mchango wa ngoma. Kwa njia hiyo tuzo za mwaka 2018 zilipita dola milioni 25, na za mwaka 2019 zikapita milioni 34.

Kuasisiwa kwa kundi

OG iliasisiwa mwaka 2015 na marafiki wawili, Johan Sundstein wa Denmark, ajulikanaye uwanjani kwa jina la N0tail, na Tal Aizik wa Israeli, aitwaye Fly. Wawili hao walikuwa wamecheza pamoja tangu enzi za mchezo mwingine, Heroes of Newerth, na walikwisha kuajiriwa na makundi ya watu wengine. Safari hii walitaka kundi ambalo mali yake na shauri lake ni la wachezaji wenyewe. Fly alikuwa nahodha katika nafasi ya tano. N0tail alizoea nafasi ya kwanza.

Mafanikio hayakukawia. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo kundi lilishinda Frankfurt Major, likiifunga Team Secret michezo mitatu kwa mmoja. Mwaka 2016 lilishinda Manila Major dhidi ya Team Liquid, na baada ya wachezaji watatu kuondoka na wengine kuingia, likashinda tena Boston Major dhidi ya Ad Finem ya Wagiriki. Mwezi wa Aprili 2017 lilitwaa Kiev Major kwa kuishinda Virtus.pro, michezo mitatu kwa miwili. Hakukuwa na kundi jingine lililokuwa na mataji manne ya namna hiyo.

Lakini kila ulipofika mwezi wa Agosti, OG ilianguka. Katika The International ya mwaka 2016 haikufika hata katika makundi manane ya mwisho, na mwaka 2017 ilitolewa katika nafasi ya saba hata ya nane. Msimu uliofuata ulikuwa mbaya zaidi: ushindi ulipungua, na imani nayo ikapungua.

Mfarakano wa mwaka 2018

Mwishoni mwa Mei 2018, wiki chache tu kabla ya mchujo wa The International, Fly na mwenzake Gustav Magnusson wa Sweden, aitwaye s4, walihamia Evil Geniuses ya Marekani. Mchezaji mwingine alikuwa amekwisha kuondoka. Walibaki N0tail na Jesse Vainikka wa Finland, aitwaye JerAx, pamoja na mwalimu wa timu, Sébastien Debs wa Ufaransa, aitwaye Ceb. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na dhiki ilikuwa imefika.

Waliobaki walifanya mambo matatu. Kwanza, Ceb aliacha kiti cha ualimu akaingia uwanjani mwenyewe. Pili, walimrudisha Anathan Pham wa Australia, aitwaye ana, aliyekuwa amepumzika karibu mwaka mzima, wakamchukua na kijana wa Finland, Topias Taavitsainen, aitwaye Topson, ambaye hakuwa bado amejulikana katika mashindano makubwa. Tatu, N0tail aliiacha nafasi ya kwanza akashuka hata ya tano, akawa nahodha. Wahenga wamesema kuwa mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Mwamba ngoma huyu aliisukuma ngozi kwa wenziwe. Yeye mwenye kundi, aliyezoea kulishwa na wengine, sasa ndiye aliyekula mwisho.

Kwa kuwa kundi lilikuwa limebadilika, lilipaswa kuanzia chini kabisa, katika mchujo ulio wazi kwa mtu yeyote. Lilipita humo, likapita na mchujo wa Ulaya, likafika Vancouver, Kanada, mwezi wa Agosti. Huko OG ilikutana na Evil Geniuses, ndani yake wamo Fly na s4, ikawashinda michezo miwili kwa mmoja. Kisha ikaishinda PSG.LGD ya China, na makundi hayo mawili yakarudiana katika fainali. OG ilishinda mchezo wa kwanza, ikapoteza wa pili na wa tatu, ikanusurika katika wa nne, na tarehe 25 Agosti 2018 ikaumaliza wa tano. Fungu lake lilikuwa zaidi ya dola milioni 11.

Lugha ya kundi

Kwa mchunguzi wa lugha liko jambo moja lisilofaa kupitwa. Kati ya watu wale watano, mmoja alitoka Denmark, mmoja Ufaransa, wawili Finland, na mmoja Australia. Lugha yao uwanjani ilikuwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wao hakikuwa lugha ya nyumbani. Na katika mchezo huu hapana nafasi ya sentensi ndefu: maneno ni jina la shujaa, jina la mahali, na amri, yote kwa pumzi moja. Mwenye kuijua historia ya bandari za Afrika ya Mashariki hatashangaa, maana ndivyo watu wa lugha mbalimbali walivyosikilizana kwa Kiswahili katika jahazi na sokoni. Kinachowaunganisha watu wa kazi moja si wingi wa maneno, bali ni kule kuaminiana kwamba neno likitamkwa mara moja litatimizwa.

Ushindi wa pili na yaliyofuata

Wako waliosema kwamba ushindi wa Vancouver ulikuwa wa bahati. Baada yake ana alipumzika tena, na kundi likayumba. Mwezi wa Machi 2019 alirejea. Mwezi wa Agosti OG ilikwenda Shanghai na watu wale wale watano. Katika fainali iliishinda Team Liquid michezo mitatu kwa mmoja. Hapo ana alimchukua Io, shujaa ambaye kwa desturi ni wa kuwasaidia wengine, akamweka katika nafasi ya kwanza. Fungu la mabingwa lilikuwa zaidi ya dola milioni 15. Neno la bahati halikusikika tena.

Mabingwa hao hawakukaa pamoja. Mwezi wa Januari 2020 JerAx alistaafu, Ceb akaondoka uwanjani, na ana akapumzika. Waliingia wachezaji wenye sifa kubwa, lakini shindano la mwaka huo liliahirishwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Lilipofanyika Bucharest, Romania, mwezi wa Oktoba 2021, N0tail, Topson na Ceb walikuwamo tena, na OG ilitolewa katika nafasi ya saba hata ya nane. Mwezi uliofuata watatu hao walikaa kando, wakawaachia vijana wapya.

Mwezi wa Mei 2022 vijana hao walikwenda Stockholm, Sweden. Mmoja wao aliposhindwa kusafiri, Ceb aliitwa, akakaa mahali pake, na kundi likashinda Stockholm Major kwa kuifunga TSM michezo mitatu kwa mmoja.

Basi ule ubishi wa mwanzo waweza kujibiwa. Wepesi wa vidole na ukali wa macho OG ilikuwa nao mwaka 2017, tena kwa wingi, wala haukuwafikisha. Mwaka 2020 na 2021 sifa za wachezaji hazikupungua, wala hazikutosha. Kilichokuwapo katika miaka miwili ya ubingwa ni kwamba kila mtu alijua fungu lake, na mkubwa wao alilichagua lile dogo. Jambo kama hilo halipatikani katika upuuzi. Jifya moja haliinjiki chungu. Na hata mafya yakiwa matatu, chungu hakitakaa mpaka moja likubali kusogea.