Ganda Lenye Kumbukumbu

Kiswahili kinatumia neno moja kwa vitu viwili: risasi ni ile metali laini ya kijivu, na risasi ni kile kinachochomoka mtutuni. Mwenye gobore hakupata shida na hilo. Alimimina baruti kwa mdomo wa mtutu, akashindilia kwa mdeki, akatia marisawa, akapachika fataki. Kila kitu kilipita mkononi mwake kivyake. Bunduki ya kisasa ilivikusanya vyote ndani ya kikopo kimoja cha shaba, nasi tukakiita kikopo kizima risasi. Huko Marekani wako watu wanaovitenganisha tena. Wakimaliza kulenga shabaha huinama kuokota maganda yao kama mtu aokotaye embe chini ya mwembe, wakayapeleka nyumbani, na usiku, gerejini, wakayajaza upya: fataki mpya, baruti mpya, ncha mpya.

Sheria ya shirikisho ya nchi hiyo haimdai leseni anayejaza kwa matumizi yake mwenyewe; akitaka kuuza ndipo aombe. Kwetu ni habari nyingine. Nchini Kenya na Tanzania, kutengeneza risasi bila idhini ya serikali ni kosa, na kazi hiyo ina viwanda vyake, kama Mzinga wa Morogoro na kile cha Eldoret. Kwa hiyo huu si mwaliko, ni udadisi: meza ile ina vifaa gani, na kwa nini wenyewe huvipenda kama seremala anavyoipenda randa yake? Maana jambo moja limenishangaza. Kifaa kinachosifiwa kuliko vyote ndicho chenye sayansi kidogo kuliko vyote.

Kifaa hicho ni mashine ya kukandamiza. Ina mkono mrefu, nguzo fupi ya chuma inayopanda na kushuka, na juu yake kalibu ngumu, ambayo mafundi wa karakana zetu wangeiita dai. Ganda lililovimba kwa mlipuko husukumwa ndani ya dai likabanwa kurudi umbo lake. Ni wenzo tu, jamaa wa ule wa kuinulia gari. Kabla ya mashine hizo kulikuwa na koleo: wawindaji wa nyati wa nyika za Marekani miaka ya 1870 walijaza maganda yao kando ya moto wa kambi, na mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal mjini New Haven akiuza koleo za kazi hiyo. Mwaka 1943, vita ikiwa imefanya risasi za raia kuwa adimu, Fred Huntington wa Oroville, California, alitengeneza dai za kugeuza maganda madogo yaliyokwisha kutumika kuwa koti la nje la ncha mpya. Kampuni yake, RCBS, ndiyo yenye zile mashine za kijani zinazorithiwa na wajukuu. Lakini mwaka 1958 Richard Lee wa Wisconsin alibuni seti isiyo na mashine kabisa. Unagonga kwa nyundo ya mti, na risasi inatoka nzuri tu. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba siri haimo katika mkono mrefu.

Kuna bahati ya historia pia. Katika miaka ya 1860 watu wawili walibuni fataki za kupachika kitakoni mwa ganda. Hiram Berdan, Mmarekani, aliweka matundu mawili madogo kando ya katikati ya kitako. Edward Boxer, Mwingereza, aliweka tundu moja katikati. La Boxer hupitishwa sindano kutoka juu, fataki kuukuu ikadondoka kwa mkandamizo mmoja. La Berdan ni kuchokonoa na kulaani. Kwa mzaha wa mambo ya dunia, Wamarekani wakachagua fataki ya Mwingereza, na Ulaya ikachukua zaidi ile ya Mmarekani. Gereji za Marekani zina deni kwa tundu hilo moja.

Sasa tulitazame ganda lenyewe. Ni mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30. Kwa risasi maarufu ya .30-06, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1906, kikomo cha mgandamizo ni ratili 60,000 kwa inchi ya mraba. Tairi la gari dogo hujazwa kama 30. Ganda basi hubeba mara elfu mbili ya upepo wa tairi, kwa muda wa milisekunde moja hivi. Katika muda huo linavimba, linajibandika kwenye kuta za chemba na kuziba gesi isimrudie mpigaji usoni, kisha linanywea kidogo ili liweze kutoka. Kama lingekuwa gumu mno lingepasuka, na kama lingekuwa laini mno lingeng'ang'ania ndani.

Ila halisahau. Mtoto aliyewahi kuunda gari la waya anayajua haya kwa vidole vyake. Waya ukiukunja mara ya kwanza hutii. Ukiukunjua na kuukunja pale pale tena hukaza, na baada ya mara kadhaa hukatika. Ndani ya metali atomi zimejipanga safu kwa safu, na safu zina kasoro ndogo ndogo zinazoteleza metali inapokunjwa. Kadiri unavyokunja, kasoro huzidi na kuanza kuzibiana njia, kama daladala zilizoingia njia panda kwa pamoja siku ambayo trafiki hayupo. Pasipo kuteleza, kinachobaki ni kupasuka. Shingo ya ganda huvimba kila inapofyatuliwa na kubanwa kila inapopita kwenye dai, kwa hiyo ndiyo inayokakamaa kwanza.

Dawa yake ni moto. Shingo ikipashwa kwa muda mfupi, safu hujipanga upya na shaba hulainika. Kitako hakitakiwi kuonja moto huo hata kidogo, kwani ndicho kinachobeba mzigo wote, na kitako laini ni hatari. Hapo ndipo wajazaji wanapotofautiana mifuko. Mwenye kidogo anatumia mwale wa gesi na ganda linalozungushwa. Mwenye nyingi ananunua mashine ya sumakuumeme inayopasha shingo kwa sekunde chache bila mwale wowote. Mojawapo inayosifika sana hutoka New Zealand. Shingo iliyopashwa hubaki na rangi ya samawati inayochezacheza. Majeshi huiacha ionekane. Viwanda vya raia aghalabu huisugua ikatoweka, maana mnunuzi hudhani ni uchafu.

Kuna kisa kinachoeleza vizuri zaidi kumbukumbu hiyo. Katika karne ya 19 jeshi la Waingereza lililokuwa India lilihifadhi risasi zake katika mabanda ya farasi wakati wa mvua kubwa. Mvua zilipokwisha, maganda yalikutwa yamepasuka bila kuguswa na mtu. Hali hiyo ikaitwa mpasuko wa msimu. Mwaka 1921 tu ndipo watafiti watatu, Moore, Beckinsale na Mallinson, walipotoa maelezo kamili: mkojo wa farasi ulitoa amonia, hewa ilikuwa na unyevu, na ndani ya shaba kulikuwa na mkazo uliobaki tangu ganda lilipofinyangwa kiwandani. Amonia ilipenya pale mkazo ulipo na kuufungua, kama kabari katika ubao wenye ufa. Hata leo mjazaji mwangalifu husoma kibandiko cha dawa ya kung'arishia shaba kabla ya kuinunua, akihofia farasi wale wa India.

Kwa kusafisha, wengi hawatumii dawa kabisa. Wana chombo kinachotetema, kimejazwa maganda ya jozi yaliyosagwa au magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Ndiyo, magunzi, yale yale tunayochochea nayo moto. Ni magumu kiasi cha kusugua masizi na laini kiasi cha kutokwaruza shaba. Vumbi lake ndilo la kuogopwa: fataki nyingi zina mchanganyiko wa metali ya risasi, na mabaki yake huishia humo. Wenye akili hawali chochote katika meza hiyo, na hunawa mikono kabla ya kumshika mtoto.

Nikiulizwa mimi, moyo wa meza ni mizani. Baruti hupimwa kwa kipimo cha kale kilichotokana na uzito wa punje ya shayiri, nami nitakiita punje. Wakia moja ni punje 437.5, ratili moja ni punje 7,000, na punje moja ni miligramu 65 hivi. Mizani ya mjazaji husoma sehemu ya kumi ya punje, yaani karibu robo ya chembe moja ya mchele.

Kwa nini uchungu wote huo? Mwenye gobore alikadiria kwa kibia, akasalimika kwa sababu baruti nyeusi ina uvumilivu. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa moshi na masizi. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, kwa kuchakata selulosi iliyotiwa asidi ya naitriki, na hiyo karibu yote hugeuka gesi. Vieille alichunguza pia tabia yake: kasi ya kuungua hupanda kadiri mgandamizo unavyopanda. Kuungua kunazaa mgandamizo, na mgandamizo unachochea kuungua. Kwa hiyo nyongeza ndogo ya baruti haileti nyongeza ndogo ya mgandamizo, huleta iliyopitiliza. Ndiyo maana vipimo huchukuliwa katika vitabu vya watengenezaji waliopima katika maabara, wala havikisiwi, na havikopwi kwa jirani.

Mizani ya kale ya mkono mmoja ina ujanja mzuri wa fizikia. Mkono wake ungeyumbayumba dakika nzima kama si kipande cha shaba kilicho mwishoni mwake, kinachopita katikati ya sumaku. Shaba haivutwi na sumaku, lakini ikitembea karibu nayo huzaa ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka, na mikondo hiyo huupinga mwendo. Mkono unatulia upesi bila kuguswa na kitu, na ukishatulia sumaku haina neno tena, kwa sababu hakuna mwendo wa kupinga. Mizani ya kidijitali ni ya haraka, ila ile ya bei nafuu hubabaika. Washa feni, fungua mlango, namba zinaanza kutembea zenyewe. Wajazaji wengi wanayo ya kidijitali mezani na ya mkono kabatini, na zikitofautiana huiamini ya kabatini.

Mizani hata hivyo haioni kosa baya kuliko yote. Baruti ya bastola mara nyingi haijazi hata nusu ya ganda, basi mtu akipigiwa simu katikati ya kazi anaweza kutia mara mbili na isimwagike. Dhidi ya hilo hakuna kinachoshinda tochi. Maganda 50 husimamishwa kwenye kibao chenye matundu na kumulikwa moja moja, kama mama anavyomulika mayai kabla ya kuyaatamisha.

Kalipa hupima urefu, kwa sababu shaba hutiririka mbele kidogo kidogo kila inapofyatuliwa, na ganda lililorefuka hukatwa. Lakini shaba iliyokwenda mbele imetoka mahali. Imetoka ukutani, juu kidogo ya kitako, na hapo ukuta hukonda kwa ndani pasipo jicho kufika. Kifaa cha kugundua mahali hapo palipokonda ndicho nikipendacho kuliko vyote: kibanio cha karatasi cha ofisini, kimenyooshwa na ncha yake kukunjwa. Unakiingiza ndani ya ganda, unakivuta juu taratibu ukutani. Kikikwama kidogo kama ukucha uliopita juu ya kovu, kuna mtaro, na ganda hilo likifyatuliwa tena linaweza kukatika vipande viwili ndani ya bunduki. Mashine za mamia ya dola zimesimama pale, na anayeokoa jicho la mtu ni waya wa senti chache.

Mwisho wa yote ni kupima mwendo. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins aliandika namna ya kupima kasi ya risasi kwa kuipiga katika gogo linaloning'inia na kuangalia limeyumba kiasi gani. Baadaye vikaja vihisi vya mwanga vinavyosoma kivuli cha risasi, ambavyo wingu likipita huchanganyikiwa. Mwaka 2023 Garmin ilitoa rada ndogo inayoenea kiganjani, na sasa mtu yeyote anaona kama risasi zake kumi zinakwenda kasi moja au kila moja ina lake. Rada imewaumbua wengi. Aliyeapa kwa miaka kwamba mchanganyiko wake ni bora alikuwa amepiga risasi tatu tatu, na tatu ni chache mno kutofautisha ustadi na bahati. Akipiga 20, sifa nyingi huyeyuka.

Akirudi nyumbani na zile zilizobaki za mchanganyiko ulioumbuliwa, huchukua nyundo ya plastiki yenye kichwa kitupu ili azifungue. Risasi hufungiwa ndani ya kichwa hicho kwa kushikwa ukingo wa kitako, na nyundo hugongwa juu ya gogo. Nyundo husimama, ganda likasimama nayo, lakini ncha ina mwendo wake na haijaambiwa isimame. Inachomoka, baruti inamwagika nyuma yake. Newton angefurahi. Baruti iliyochanganyika hairudishwi koponi. Wengine huinyunyiza kidogo kidogo bustanini, kwa kuwa ina naitrojeni ndani yake. Kisha ganda linasimamishwa tena kwenye kibao, tupu, na linalofuata linafungiwa. Yakiwa arobaini, majirani watasikia ko, ko, ko mpaka usiku.