Jina la mnyama nalo liandikwe daftarini

Kandokando ya mito ya Trans Nzoia yupo kima mwenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya chungwa, ambaye wenyeji humwita karasinga. Mwenye sikio la lugha hatakosa kulisikia humo jina Kalasinga, na ndevu zile zaweza kuwa ndizo sababu. Wanasayansi nao humwita Cercopithecus neglectus, na neno hilo la pili, kwa Kilatini, maana yake ni aliyepuuzwa.

Kupuuzwa huko kuna chanzo. Karasinga akishtuka hujikunyata tuli mtini, hata mgeni apite chini yake asimwone. Baadhi yao wamo katika Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, na ambayo eneo lake ni kilomita mraba 3 hivi tu. Wengine wamesalia katika vipande vya msitu baina ya mashamba ya mahindi. Ajuaye walipo si mtafiti ajaye kwa siku tatu, bali ni mkulima na mtoto achungaye ng'ombe.

Ndiyo maana naupenda mtindo wa raia kushiriki katika kuorodhesha viumbe. Mradi wa Ramani ya Ndege wa Kenya, ulioanza mwaka 2013, umeigawa nchi katika miraba yenye upana wa kilomita 9 hivi. Yeyote aweza kuchagua mraba, akatembea humo kwa saa mbili au zaidi, akiandika kila ndege amwonaye au amsikiaye. Orodha hizo zikilinganishwa na atlasi ya Lewis na Pomeroy ya mwaka 1989, hubainika ni ndege gani wamehama au kupungua. Wala jambo hili si geni Kitale: makumbusho ya mji huo yalitokana na hazina ya Hugh Stoneham, mwanajeshi na mlowezi aliyekusanya vipepeo na ndege kwa mapenzi yake tu hadi alipofariki mwaka 1966.

Lakini nina shaka moja, nayo yatokana na kazi yangu. Orodha zitumiwazo sana zimepangwa kwa majina ya Kiingereza na Kilatini. Mzee wa Kimilili awatajaye ndege kwa Lubukusu, au mama wa Kisabaoti kule Kapsokwony, huonekana hajui kitu, ilhali mwanafunzi mwenye kitabu cha picha ndiye ahesabiwaye mjuzi. Hapo sayansi hujipunja yenyewe.

Tusidhani Kiswahili peke yake kitatuokoa. Lugha hii iliyokulia pwani ina majina tele ya samaki, lakini katika vinamasi vya bara neno korongo limebebeshwa ndege chungu nzima. Korongo taji, aliyeorodheshwa mwaka 2012 miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka duniani, hulishiriki jina hilo na ndege wengine wenye miguu mirefu ambao hata si jamaa zake.

Wataalamu watasema kwamba jina moja la kienyeji huenda likawa la ndege watatu. Ni kweli, lakini dawa si kulifuta. Liandikwe pamoja na picha, tarehe, kijiji na lugha ya msemaji, kisha mjuzi wa ndege alinganishe baadaye. La sivyo, kinamasi kikikaushwa ili pandwe mahindi, ndege ataondoka, na jina lake litamfuata pale wazee walijuao watakapokwisha.

Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vilianzishwa na wanafunzi mwaka 1968, na shule za Kitale na Bungoma zaweza kuianza kazi hii bila kungoja fedha. Mwalimu wa biolojia na mwalimu wa lugha wakae meza moja, walichore daftari lenye safu ya jina la nyumbani kando ya safu ya jina la kitabuni, na kila mwanafunzi aende nalo likizoni kwa babu na bibi. Safu ya Kilatini ikibaki tupu kwa muhula mzima, si hoja.