Pointi za kadi ya mkopo: sarafu isiyo na benki kuu

Pointi ambazo benki za Marekani huwapa wateja wanaolipa kwa kadi ya mkopo zimekuwa, kwa familia nyingi za Waafrika Mashariki wanaoishi huko, sehemu ya bajeti ya safari ya kwenda nyumbani, kwa sababu nauli ya watu wanne katika msimu wa Desemba huweza kumeza akiba ya mwaka mzima. Thamani ya pointi hizo, hata hivyo, haitegemei wingi wake tu bali namna zinavyotumiwa, na ni hapo ambapo wengi hupoteza walichokikusanya kwa miaka.

Chanzo cha pointi ni ada ambayo benki ya mwenye duka huilipa benki iliyotoa kadi kila malipo yanapopita kwenye mashine. Kwa kadi za mkopo nchini Marekani ada hiyo hukaribia asilimia 2 ya malipo, ilhali katika Umoja wa Ulaya sheria ya mwaka 2015 iliiwekea ukomo wa asilimia 0.3, na kwa sababu hiyo jamaa aishiye Ujerumani hana pointi za kujivunia mbele ya ndugu yake wa Minnesota. Mwenye duka naye hakubali hasara kirahisi. Huingiza ada katika bei, hivyo anayelipa taslimu huchangia safari ya mwenye kadi bila kujua.

Hesabu ya thamani si ngumu: huchukuliwa bei ya tiketi kwa fedha, zikatolewa kodi na tozo ambazo msafiri atalipa hata akitumia pointi, kisha kinachobaki kikagawanywa kwa idadi ya pointi zinazodaiwa. Kwa mfano, tiketi ya dola 1,400 inayodai pointi 55,000 pamoja na kodi ya dola 300 huipa kila pointi thamani ya senti 2. Shirika likiweka tozo ya mafuta, yaani nyongeza inayotengwa na nauli ili iendelee kulipwa kwa fedha hata kiti kikinunuliwa kwa pointi, na malipo hayo yote yakafika dola 700, thamani hushuka hadi senti 1.3 hivi kwa kiti kilekile. Anayebadilisha pointi kuwa fedha kwa kawaida hupata senti 1 au chini yake, na anayezinunulia blenda mara nyingi hupata pungufu ya hapo. Ndiyo maana wazoefu huzihamishia kwenye programu ya shirika la ndege, hasa lenye ushirika na mashirika yanayofika Nairobi au Addis Ababa, wakijua kwamba pointi zikishahamishwa kwa kawaida hazirudi benki.

Wakala mmoja wa tiketi, ambaye wateja wake wengi ni Wakenya na Watanzania wa Marekani na ambaye hakutaka jina lake litajwe, anaitazama biashara hii kwa uchungu. Mashirika makubwa ya huko yaliacha kuwalipa mawakala kamisheni ya msingi mwaka 2002, hivyo riziki yake hutoka kwenye ada ndogo anayomtoza msafiri. Mwenye pointi humjia amtafutie njia, humkalisha saa nzima akilinganisha tarehe, kisha huenda kukata tiketi mwenyewe kwenye simu. Kinachomkera zaidi ni Desemba. Kwa maelezo yake, wateja huhamisha pointi zote kwanza ndipo watafute kiti, na wanapokuta viti vimekwisha au vinadai mara mbili ya vile vya Februari, lawama humwangukia yeye kana kwamba ndiye aliyepanga bei. Anadai pia kuwa mashirika huachia viti vichache vya bei ya chini ili tangazo lisiwe uongo mtupu. Dai hilo halina uthibitisho, ingawa aliyewahi kutafuta viti vinne pamoja vya kwenda Dar es Salaam katikati ya Desemba hatalipuuza.

Ofisa wa kitengo cha kadi katika benki moja anashikilia kwamba mteja hapotezi chochote, kwa kuwa pointi za benki yake hazina tarehe ya kuisha. Kauli hiyo ni ya kweli na haisaidii kitu. Pointi haiozi, lakini bei ya kiti hupandishwa: tangu 2015 mashirika makubwa ya Marekani yamekuwa yakiondoa, moja baada ya jingine, majedwali yaliyoonyesha idadi maalumu ya pointi kwa kila safari, na sasa idadi hiyo hupanda na kushuka pamoja na nauli. Kwa mashirika yenyewe pointi ni mali ya kuwekwa rehani. Mwaka 2020, ndege zilipolala kwa sababu ya korona, shirika moja lilitumia programu yake ya pointi kama dhamana ya mkopo wa dola bilioni 6.8.

Jambo ambalo ofisa huyo hakuligusia ni riba. Kwa kuwa riba ya kadi nchini humo imevuka asilimia 20 kwa mwaka, anayebeba deni la dola 3,000 mwaka mzima hulipa zaidi ya dola 600 kwa ajili ya pointi 3,000, ambazo kwa senti 2 kila moja ni dola 60 tu.

Mwelekeo wa mbele hauko wazi. Septemba 2024 serikali ya Marekani iliyataka mashirika manne makubwa ya ndege yaeleze yanavyobadili thamani ya pointi, na mswada wa kuongeza ushindani katika mitandao ya kadi, ambao huenda ungepunguza ada ya madukani na pointi pamoja nayo, ulifikishwa bungeni mara ya kwanza mwaka 2022. Wakala yule hategemei nafuu kutoka huko. Mashirika mengi hufungua viti takriban miezi 11 kabla ya safari, na kwa anayetaka kula Krismasi Mombasa ushauri wake ni kuanza kutafuta Januari, bila kuhamisha hata pointi moja kabla ya kukiona kiti chenyewe.