Mnyonya damu wa shuleni na mumiani wa barabarani: ipi ni hadithi, upi ni uvumi?

Kwenye vibanda vya video vya Mafinga, Uyole au Tukuyu hutakosa kukuta picha ya kijana mweupe pee, midomo myekundu, meno mawili marefu yamejitokeza pembeni. Vijana wanamwita vampaya. Wanamtazama na kucheka, na wengine wanabeba vitabu vyake shuleni. Mzazi akiona hivyo anashangaa: mtoto anachekaje na mnyonya damu? Huku kwetu neno hilo likitajwa watu hufunga milango, na wengine hushika mapanga.

Mzazi hajakosea kushangaa, na mtoto naye hajakosea kucheka, kwa sababu hao ni wanyonya damu wa aina mbili. Ni vizuri, ndugu msikilizaji, kila mmoja wetu ajue wanavyotofautiana, maana yule wa pili ameshasababisha vifo.

Mvulana mnene wa miaka 15

Tuanze na huyu wa kitabuni. Mwaka 2010 mwandishi na mchoraji wa Marekani, Adam Rex, alitoa riwaya ya vijana iitwayo Fat Vampire, yaani mnyonya damu mnene. Mhusika mkuu ni Doug Lee, mwanafunzi wa sekondari mwenye miaka 15. Siku moja anashambuliwa na mnyonya damu, naye anageuka kuwa mmoja wao. Katika hadithi za namna hii, aliyegeuka hazeeki tena wala mwili wake haubadiliki. Kwa hiyo Doug atakuwa mnene, na atakuwa na miaka 15, milele.

Hebu fikiria jambo hilo. Ule umri ambao sauti inakukwaruza, chunusi zimejaa usoni na unaona haya kupita mbele ya wasichana mstarini, ndio utakaokaa nao maisha yako yote, tena maisha yasiyo na mwisho.

Doug anahitaji damu ili aishi, lakini hana ujasiri wa kumng'ata mtu. Anaishia kunyemelea ng'ombe usiku. Mfugaji wa Kimasai kule Usangu atauliza, kwani kunywa damu ya ng'ombe kuna kituko gani? Lakini kwa kijana wa Marekani anayeyajua maziwa ya pakiti tu, kuvizia ng'ombe gizani ni aibu kubwa. Kisha anatokea mwanafunzi mgeni, msichana kutoka India, na Doug anampenda sana. Wakati huohuo watu wa kipindi cha televisheni cha kuwasaka wanyonya damu wanaanza kumfuatilia.

Kicheko kinatoka hapo. Mwandishi amechukua kitu cha kutisha, akakibebesha matatizo ya mwanafunzi wa kawaida.

Zamani hakuwa mwanafunzi

Mnyonya damu wa vitabuni hakuanzia darasani. Mwaka 1897 Bram Stoker, mwandishi mzaliwa wa Ireland, alitoa riwaya ya Dracula. Dracula ni bwana mkubwa anayeishi kwenye ngome ya milimani huko Transylvania, ambayo leo ni sehemu ya Romania, halafu anahamia London kuwinda watu. Huyo hachekeshi.

Mwaka 2005 Stephenie Meyer wa Marekani alitoa Twilight, kitabu kilichoanzisha mfululizo uliotengenezewa filamu tano kati ya 2008 na 2012. Humo mnyonya damu ni Edward, kijana mtanashati anayekaa dawati moja na msichana katika somo la biolojia. Hadithi imewekwa Forks, mji mdogo unaosifika kwa mvua na mawingu, ili Edward na ndugu zake waweze kutoka mchana bila kujulikana. Wa Tukuyu wataelewa haraka: huku nako mvua na ukungu vinaweza kulificha jua siku nyingi mfululizo.

Baada ya Edward mzuri kupita kiasi, haikuwa ajabu kuja kwa Doug asiye na mvuto wowote.

Mnyonya damu wa hadithi ana sheria zake

Jambo moja la kuzingatia ni kwamba mnyonya damu wa hadithi anafuata sheria, na msomaji anazijua. Kwa Stoker, haonekani kwenye kioo, anakimbia kitunguu saumu, na hawezi kuingia nyumba ya mtu mpaka kwanza akaribishwe. Sheria ya kuuawa na mwanga wa jua ilikuja baadaye, kupitia filamu ya Kijerumani ya Nosferatu ya mwaka 1922.

Sasa mpeleke huyo kwenye sekondari ya kata mkoani Iringa. Asubuhi anatakiwa mstarini, juani, kuhesabiwa namba. Mchana yuko zamu ya kumwagilia bustani. Jikoni mpishi amekaangia maharage kitunguu saumu. Usiku anataka kuingia bwenini, lakini anapaswa kupiga hodi na kungoja aambiwe karibu, na ndani kila mtu amelala. Mwalimu wa zamu akimkuta amesimama mlangoni, atamuuliza jina na kidato, na atatakiwa kujibu.

Hivyo ndivyo hadithi inavyomfanya mnyonya damu asitishe. Inampa jina, dawati na mipaka, na mtu mwenye jina na daftari la hesabu unaweza kumcheka, hata kumwonea huruma.

Mumiani hana jina

Mnyonya damu wetu ni mwingine. Hana meno marefu wala hafufuki kaburini. Anakuja na gari, mara nyingi usiku, akiwa na sindano au mpira wa kuvutia damu. Anasemwa ni mgeni, ametumwa na wakubwa, na damu anaipeleka mbali ikatengenezwe dawa.

Pwani na mijini jina lake ni mumiani. Neno lenyewe limetokana na Kiajemi, na mwanzo lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami, iliyouzwa kwa ajili ya maumivu na mifupa iliyovunjika. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939 tayari inataja kwamba baadhi ya watu waliamini dawa hiyo ni damu ya binadamu. Bara waliitwa pia chinjachinja. Nairobi na Kampala waliitwa wazimamoto, kwa sababu watu waliyatilia shaka magari ya zimamoto na askari wake. Ng'ambo ya Tunduma, Zambia, waliitwa banyama.

Mwanahistoria Luise White wa Marekani alikusanya simulizi hizi Afrika Mashariki na ya Kati na kuzitolea kitabu mwaka 2000. Hakuwacheka waliosimulia. Alionyesha kwamba kupitia simulizi hizo watu walikuwa wanaeleza maisha yao chini ya ukoloni: kazi ambazo hawakuzielewa, vifaa vipya na wakubwa wasiojieleza. Mganga wa serikali alikuja kutoa watu damu ili apime malale, hakuna aliyeambiwa damu ile inapelekwa wapi, na kila mtu akajaza jibu lake mwenyewe.

Uvumi unapoua

Tatizo ni kwamba uvumi hauna sheria kama hadithi. Haumpi mgeni nafasi ya kutaja jina. Mwaka 1959, Buguruni jijini Dar es Salaam, umati uliokuwa ukidai kuna mumiani ulishambulia polisi na askari mmoja akauawa.

Tusiseme hayo ni ya zamani. Oktoba 2016, watumishi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Seliani, Arusha, walifika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, kwa kazi ya utafiti wa udongo. Wanakijiji wakadhani ni wanyonya damu. Watumishi hao wakauawa na gari lao likachomwa moto. Walikuwa wamekuja kuupima udongo ambao wanakijiji haohao wanaulima.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Malawi, jirani zetu wa kuvuka daraja pale Kasumulu. Uvumi wa wanyonya damu ulisambaa wilaya za kusini, ikiwemo Mulanje na Phalombe. Watu wasiopungua watano waliuawa na makundi ya wananchi, Umoja wa Mataifa ukaondoa watumishi wake kwenye wilaya hizo mbili, na serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje usiku.

Hofu hii haitoki hewani

Hatusemi kwamba wanaoogopa ni wajinga. Nyanda za Juu Kusini tumeona uhalifu wa kweli. Mapema mwaka 2019 watoto waliuawa Njombe, na mauaji hayo yakahusishwa na imani za kishirikina. Watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo katika nchi hii. Mzazi anayemkataza mtoto kupanda gari la mtu asiyemjua anafanya jambo sahihi.

Lakini uhalifu wa kweli hupatiwa ufumbuzi kwa kutafuta majina. Nani alionekana, wapi, saa ngapi, na nani? Polisi wanahitaji majibu hayo ili wakamate na mahakama ihukumu. Umati ukishapiga na kuchoma, hakuna tena wa kuhojiwa. Kama kweli alikuwa mhalifu, wenzake wamepona. Kama hakuwa mhalifu, waliompiga ndio wauaji, na sheria ya Tanzania inasema adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa hadi kufa.

Damu ya kweli nayo ina sheria zake

Uvumi huu una hasara nyingine isiyopiga kelele: watu wanaogopa kuchangia damu. Mama akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, au mtoto akiishiwa damu kwa malaria, hakuna kiwanda cha kutengeneza damu ya kumwongezea. Inatoka kwa mtu mwingine tu.

Kazi ya kuikusanya ni ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ambao kituo chake cha Kanda ya Nyanda za Juu Kusini kipo Mbeya. Mchangiaji anatakiwa awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwili wa mtu mzima una damu kama lita 5, na kinachochukuliwa ni chupa moja ya mililita 450 hivi. Mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4.

Damu ikitoka mwilini inaanza kuganda ndani ya dakika chache, ndiyo maana mfuko wa kuchangia unawekwa dawa ya kuzuia isigande. Kisha hupimwa kundi, na hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Hutunzwa kwenye jokofu la nyuzijoto 2 hadi 6, na baada ya siku 35 hivi haifai tena kutumika. Kila mfuko una namba yake.

Sasa jiulize: damu iliyovutwa usiku porini kwa mpira, haikupimwa, haina kundi, imekaa ndani ya gari juani, daktari gani ataipokea?

Ukisikia "kuna wanyonya damu"

Uvumi siku hizi unatembea kwa simu, na unafika Makete hadi Chunya kabla chai haijapoa. Ukiletewa sauti au picha ya namna hiyo, fanya haya:

1. Muulize aliyekutumia: nani ameona kwa macho yake, kijiji gani, siku gani? Kama jibu ni "wanasema", usiitume kwa mwingine.

2. Ukiona gari au watu usiowajua, piga simu kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Mtafiti, mpima ardhi au mtu wa afya anapaswa kuripoti ofisi ya kijiji na kuonyesha barua na kitambulisho kabla hajaanza kazi.

3. Kama hakuripoti, apelekwe ofisini kwa amani, na polisi kata aitwe. Kutopita ofisini ni kosa la utaratibu, na dawa yake haiwezi kuwa kifo.

4. Nanyi mnaotumwa vijijini kwa kazi, pigeni hodi. Elezeni mmetoka wapi, mnachukua nini na kinapelekwa wapi. Mkutano wa nusu saa na wanakijiji unaweza kuokoa roho zenu.

Na mtoto akikuonyesha kitabu cha vampaya wa shuleni, usimnyang'anye. Mwambie akusimulie kisa chenyewe, kisha nawe umsimulie habari ya watafiti wa Chamwino. Atajua ni kipi cha kuchekea, na ni kipi cha kumfanya asimame na kuuliza maswali kabla hajaokota jiwe.