Kwa Nini Tunamlilia Jung-suh

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Mmeniuliza inakuwaje kijana aliyezaliwa hapa Nabuyonga, akaoga mto huu tangu utoto, aingie kibanda cha video jioni na kumlilia msichana wa Korea ambaye hata jina lake linamshinda kutamka.

Chukueni tamthilia moja, Stairway to Heaven. Televisheni ya SBS ya Korea Kusini iliianza mwishoni mwa 2003, sehemu 20. Jung-suh, aliyeigizwa na Choi Ji-woo, amekua pamoja na Song-joo na wanapendana. Jung-suh hana mama. Baba yake anaoa tena, na mke mpya anakuja na watoto wake wawili, Yu-ri na Tae-hwa. Mama wa kambo! Naona mmeshakunja nyuso, maana mama huyo mnamjua tangu hadithi za bibi zenu. Baba akiwapo, anacheka na mtoto; baba akitoka, makofi. Siku moja Yu-ri anamgonga Jung-suh kwa gari. Watu wanaaminishwa kwamba amekufa, kumbe yu hai, ila amesahau jina lake na wote aliowapenda. Tae-hwa, anayempenda pia, anamficha na kumpa jina jingine. Song-joo anaomboleza miaka 5. Kisha, njiani, anamwona.

Hapo ndipo penye ufundi. Sisi tunajua ni nani yule. Song-joo anahisi tu. Jung-suh mwenyewe hajui. Kibanda kizima kimebeba siri ambayo hakuna awezaye kumpelekea Song-joo, na ndiyo maana mtu wa benchi la nyuma hupiga kelele, "Ni yeye! Mshike!" Msimulizi angetuficha hadi mwisho, tungeshtuka mara moja na kwenda zetu kulala. Alitwambia mapema, akatuacha tuteseke kwa kujua bila kuweza kusaidia. Machozi yanatoka hapo.

Tena kwetu Uganda kuna msimulizi wa pili, VJ, anayesema Kiganda juu ya sauti za waigizaji. Majina kama VJ Jingo na VJ Junior mnayajua. VJ hodari hatafsiri maneno tu. Anamkemea mama wa kambo kwa niaba yetu, anaguna, anatia methali. Nami humpima kwa jambo moja: kama anajua kunyamaza pale kamera inapousogelea uso na muziki kupanda.

Mtasema kupotezana namna hiyo kumezidi, hakutokei. Kwa Wakorea kulitokea. Vita vya 1950 hadi 1953 vilitawanya familia. Tarehe 30 Juni 1983 televisheni ya KBS ilianza kipindi cha kutafuta ndugu waliopotezana. Kilipangwa kuwa kifupi. Watu walifurika na kikaenda siku 138. Mtu na dada yake walisimama wakitazamana kama wageni, wakiulizana: mama aliitwa nani? Una kovu wapi? Zaidi ya mara 10,000 jibu lilikuwa lile lililongojewa, wakakumbatiana huku nchi nzima ikitazama. Aliyeona hayo hawezi kumwona Song-joo kuwa kichekesho.

Sasa lile linalowasumbua ninyi wavulana. Kila mwaka wa namba shufwa imbalu, tohara yetu, hufunguliwa Mutoto, na kijana wa Kigisu husimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Mnadhani akilia kibandani ameiharibu heshima ile. Sikubali hata kidogo. Kisu kinapima unavyobeba maumivu yako. Hakikukataza kuguswa na ya mwenzako. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika usiku na kuua watu zaidi ya 20 hapa Mbale, tulilia, tuliotahiriwa kwa sifa na wengine wote, na ilikuwa haki tulie.

Basi leo mkienda kutazama, machozi yakija yaacheni yaje. Lakini mtazameni sana Tae-hwa. Kumchukia mama wa kambo ni kazi rahisi. Tae-hwa alimwibia msichana jina lake, na alifanya hivyo kwa kumpenda. Na sehemu za mwisho atafanya jambo jingine ambalo siwaambii. Kesho mje mnieleze kama mmeweza kumsamehe. Mimi bado najadiliana na moyo wangu.