Mabanati wa Nairobi na Saa ya Kiwanjani

Mwaka 1987, mwaka uleule ambao Mkanada Bob Munro aliasisi huko Mathare chama cha michezo ya vijana kinachojulikana kwa jina la MYSA, alizaliwa Doreen Nabwire, aliyekulia katika mtaa wa Korogocho, mashariki ya Nairobi, na ambaye baadaye alikuja kuhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kucheza soka ya kulipwa barani Ulaya. Wengi wamsimuliapo hutaja kipaji chake, nacho kina haki ya kutajwa. Lakini sisi tunaoishi upande wa magharibi wa jiji hili, ambao jioni hadi jioni tunawaona mabanati wa Kangemi, Kawangware na Kibera wakiucheza mpira kwa ustadi usiokwisha, twajua kwamba kipaji hakikuwa adimu tangu hapo, na kwamba lililo adimu ni kiwanja, saa ya kukitumia, na idhini ya kutoka nyumbani.

MYSA ilianza na wavulana, na ilipofika mwaka 1992 ndipo wasichana nao wakaingizwa katika ligi zake. Waliolishika jambo hilo walitambua upesi kizuizi kilikuwa wapi. Mama aliyetoka alfajiri kwenda kuuza mboga alimtegemea binti yake ateke maji, apike, aoshe vyombo na kumbeba mdogo wake mgongoni, ilhali kaka yake, akishatoka shule, alikuwa huru mpaka magharibi. Na mzazi alipoambiwa kwamba binti anahitajiwa kiwanjani, aliuliza kwanza nani atakayezifanya kazi hizo, kisha nani atakayemrudisha kabla giza halijaingia. Maswali hayo yalikuwa ya haki, wala hayakujibiwa kwa hotuba: ilibidi kuzungumza na wazazi, na kuzipanga mechi za mabanati kwa saa zinazopatana na shughuli za nyumbani na zinazowawezesha kurudi mchana ungalipo. Isitoshe, katika ligi hiyo timu ilijipatia alama kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro ya mtaa kama ilivyojipatia kwa kushinda mechi, na kijana aliyejitolea zaidi aliweza kusaidiwa karo ya shule. Hivyo mzazi aliyedhani mpira ni upuuzi alipata sababu ya kuufikiria upya.

Huo ndio udongo alimoota Nabwire. Mwaka 2006, Kombe la Dunia la wanaume lilipokuwa likichezwa Ujerumani, vijana wa MYSA walikwenda Berlin kushiriki tamasha la soka ya mitaani, ambamo wavulana na wasichana walicheza katika timu moja, naye akiwa miongoni mwao, na timu yao ikatwaa ushindi. Katika miaka iliyozunguka 2010 alivaa jezi za Werder Bremen na 1. FC Köln nchini Ujerumani, na ya FC Zwolle nchini Uholanzi.

Yafaa kumtazama mwenzake wa mbali, Homare Sawa wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1978, akaanza kucheza katika ligi kuu ya wanawake ya nchi yake akiwa na umri wa miaka 12 tu, na mwaka 1993, akiwa na miaka 15, akaifungia timu ya taifa mabao manne katika mechi yake ya kwanza, dhidi ya Ufilipino. Mwaka 2011 yeye ndiye aliyekuwa nahodha wa timu ya Japani iliyotwaa Kombe la Dunia mjini Frankfurt. Simwondolei Sawa sifa hata chembe. Nasema tu kwamba alipotimiza miaka 12 ligi ilikuwa imekwisha kuwapo na klabu ilikuwa tayari kumpokea, jambo ambalo banati wa Kawangware hana hata leo kwa yakini.

Kibera walijaribu njia nyingine. Mwaka 2002 Abdul Kassim, mwenyeji wa hapo, alianzisha timu ya soka ya wasichana, na baada ya kuona wachezaji wake wakikosa karo na kuacha masomo, mwaka 2006 aliigeuza juhudi ile kuwa shule ya sekondari isiyotoza ada, Kibera Girls Soccer Academy. Nadhani hakuna aliyelifahamu jambo hili kwa undani kuliko yeye, maana alikubali kwamba kumfundisha msichana kupiga mpira, bighairi ya kumhakikishia dawati, ni kumpa nusu ya haja yake.

Na anayetaka kujua gharama zenyewe na aende kiwanja cha Kihumbuini, Kangemi, siku ya mazoezi. Wavulana hukishika kiwanja kizima. Mabanati hungoja pembeni, wakinyoosha viungo. Jozi moja ya njumu yaweza kutumiwa na wawili, mmoja akitoka kupumzika huzivua na kumpa anayeingia, naye huzijaza soksi ya pili mbele ya vidole ili zimkae. Akitokea mmoja wao akaitwa kwenda kujaribiwa Kasarani, hapana budi apande matatu hadi katikati ya jiji na kubadilisha huko, nauli mara mbili kwenda na mara mbili kurudi, nayo hupanda mvua inyeshapo. Na aghalabu nauli hiyo ni sawa na chakula cha jioni cha nyumba nzima.

Tarehe 16 Juni 2024, katika uwanja wa Ulinzi, Lang'ata, timu ya taifa ya wasichana wasiozidi miaka 17 iliishinda Burundi 2-0, na kwa jumla ya mabao 5-0 ikafuzu Kombe la Dunia huko Jamhuri ya Dominika: timu ya kwanza ya soka ya Kenya, ya kike au ya kiume, kufika Kombe la Dunia la FIFA. Huko walifungwa na Uingereza, wakafungwa na Korea Kaskazini, kisha wakaishinda Meksiko 2-1. Baadhi yao wamelelewa na shule za sekondari za mikoani, ambako kiwanja kimo ndani ya uzio, saa ya mazoezi imo katika ratiba, na chakula hungoja mchezo uishe; yaani yale mambo matatu ambayo mitaa yetu haimpi msichana.

Wenye mamlaka juu ya viwanja vya Woodley na Kihumbuini, pamoja na makocha wa wavulana wanaovitumia, wangeweza kukaa kikao kimoja na kuwatengea mabanati siku mbili za juma, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu jioni, kiwanja kizima, magoli yote mawili.